Saa za Kwetu

Kwa muda wa miaka thelathini na saba nilisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari nikiwafundisha Kiswahili, na katika muda wote huo suala la saa halikunishughulisha hata siku moja. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya kuchwa. Hilo mtoto wa pwani hafundishwi. Hulikuta nyumbani kwao, kama anavyolikuta jiko na mtungi. Mwanafunzi aliyeandika katika insha kwamba masomo huanza saa nane asubuhi nilimtilia wino mwekundu, nikamwambia kuwa amefikiri kwa lugha ya watu akaandika kwa lugha ya mama yake. Sikujua kwamba itafika siku ambapo mimi mwenyewe nitastahili wino huo, tena mahali ambapo kosa haliondoki kwa kusahihishwa.

Mwezi Juni 2024, siku chache baada ya Idi ya Kuchinja, nilisafiri kwenda Tromsø, mji ulioko kaskazini ya nchi ya Norwei, kumtembelea rafiki yangu wa siku nyingi. Mwenzangu huyo alifundisha hisabati pamoja nami mkoani Tanga kati ya mwaka 1983 na 1986, akaondoka akikisema Kiswahili kwa ufasaha uliowastaajabisha hata wauza samaki wa sokoni. Kwa watu wa rika langu, Norwei si jina geni. Mwaka 1963 nchi za kaskazini ya Ulaya, Norwei ikiwa mojawapo, zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha mradi wa elimu wa Kibaha, na tangu hapo walimu, waganga na mafundi wa huko wamekuja kwetu na kurudi kwao. Sisi kwenda kwao ndiko kulikokuwa nadra. Barua ya mwaliko iliponifikia, niliona kuwa safari hii ni ya kulipa ziara, na ziara isiyolipwa ni deni.

Lakini nilikuwa na deni lingine, nalo lilikuwa na tarehe. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa aolewe Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, siku ya Jumapili tarehe 21 Julai, baada ya sala ya Alasiri. Kaka yangu hakuacha mtoto wa kiume. Siku alipozidiwa aliniita karibu ya kitanda akasema maneno machache: "Siku ya mwanangu, mkono utautoa wewe." Kwa sheria, mdogo wetu wa mwisho angetosha kabisa kuwa walii mahali pangu, kwani naye ni baba mdogo wa binti kama nilivyo mimi. Lakini ahadi hiyo niliitoa mimi, kwa mtu ambaye sasa hawezi kunisamehe nikiivunja. Nikanunua tiketi ya kunifikisha Dar es Salaam alfajiri ya Jumamosi, nikaona nimejiwekea akiba ya siku nzima na zaidi.

Tromsø ni mji wa kisiwani, umezungukwa na maji na milima yenye theluji kileleni hata wakati wa kiangazi. Uko kiasi cha kilomita 350 kaskazini ya mstari ambao wanajiografia huuita Duara la Aktiki, na kwa sababu hiyo, tangu karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai, jua la huko halituwi. Halisimami pahali pamoja, la. Huzunguka mbingu yote kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mchana huwa kusini, jioni hushuka upande wa magharibi, na usiku wa manane huwa kaskazini, limeinama karibu ya maji, jekundu, kama linalotaka kuzama. Halafu halizami. Huanza kupanda tena.

Majuma mawili ya mwanzo nililiona jambo hilo kuwa tamasha. Niliwaona watoto wakicheza mpira saa sita ya usiku, na jirani mmoja akipaka rangi ukuta wa nyumba yake wakati ambao kwetu hata mbwa wamelala. Mwenyeji wangu alinitundikia pazia jeusi dirishani ili nipate usingizi. Alinieleza kwamba watu wa huko wanakopa mwanga huu, na malipo yake ni makubwa, maana tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua haliwachomozei kabisa. Linaporudi kuonekana mjini, karibu tarehe 21 Januari, watoto hutoka nje kulilaki, na watu hula maandazi yaliyotengenezwa mahsusi kwa siku hiyo. Nilipoyasikia hayo nilifahamu kwamba watu hawa hawalichezei jua. Wanalisubiri kama tunavyousubiri mwezi mwandamo.

Siku za mwisho ndizo zilizonifikirisha. Jioni ya Jumatatu, yakiwa yamesalia mawio manne niondoke, ikiwa inafaa kuyaita mawio, tuliketi barazani kwake tukitazama bahari. Akaniuliza kwa mzaha, "Mwalimu, saa moja ya usiku kwetu hapa inaanzia wapi?"

Nikamjibu kwa mzaha vilevile, "Inaanzia Pangani."

Tulicheka, lakini usiku ule, kama ulikuwa usiku, sikulala. Niliona kuwa jibu langu lilikuwa la kweli kuliko nilivyokusudia. Saa zetu zilizaliwa mahali ambapo jua ni mtu wa ahadi. Katika pwani ya Tanga, tofauti baina ya mchana mrefu kupita yote na mchana mfupi kupita yote haifiki saa moja. Kwa hiyo wazee waliweza kugawa siku mafungu mawili sawa, wakahesabu kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku, na hesabu isiwaumbue mwaka mzima. Katika nchi hii, mwenye kuhesabu namna hiyo mwezi Julai angehesabu saa za mchana bila kikomo.

Nikazidi kufikiri. Hata majina ya pande za dunia yalianza kuniteleza. Mashariki ni penye kucha na magharibi ni penye kuchwa. Lakini hapa hakukuchi wala hakuchwi. Kaskazini tumeiita kwa upepo wa kaskazi, na kusini kwa upepo wa kusi, ambao mwezi huohuo ulikuwa ukivuma kwetu na kuwazuia wavuvi wadogo. Kwetu, anayeswali hukabili kaskazini. Hapa kibla kilikuwa kusini, kimeelekea kidogo mashariki, na jua la usiku likinipiga kisogoni. Sala nilizifuata kwa saa za Makka, kama wafanyavyo baadhi ya Waislamu wa huko nyakati ambazo jua halituwi, na Magharibi yangu niliiswali jua likiwa bado juu kama wakati wa Alasiri. Niliitimiza sala, lakini siku ishirini na nane nilikosa kitu ambacho sikuwahi kujua kuwa ninacho: ule muda mfupi ambapo mtu husema, "Basi, leo imekwisha."

Alhamisi, siku ya mwisho, mwenyeji wangu alinipeleka kwa ndugu yake mvuvi kunitafutia zawadi za njiani. Huko niliona vichanja vya miti vilivyo virefu kuliko nyumba. Wakati wa baridi hutundikwa hapo samaki waitwao torsk, bila chumvi, wakakaushwa na upepo na baridi hadi wakawa wagumu kama gogo. "Ni ng'onda wenu," aliniambia, "ila jua letu ni la baridi." Nikapewa fungu zima limefungwa kwa karatasi.

Jioni akanitolea zawadi yake mwenyewe. Ilikuwa saa ndogo ya mezani, ya kutia ufunguo, aliyoinunua Tanga mwaka 1984. Miaka yote hiyo ilikaa jikoni kwake, na mishale yake haikupata kuonyesha saa za Norwei. Aliiacha katika saa za Kiswahili, ili kila anywapo chai ajue kama wanafunzi wake wa zamani wameamka au wamelala. "Mpe bibi harusi," alisema. "Mwambie mimi sasa nimezeeka, nawajua mlipo bila kutazama." Niliipokea kwa mikono miwili. Sikupata neno la kumjibu, naye hakulingoja.

Tuliagana asubuhi ya Ijumaa tarehe 19 Julai, kukiwa kweupe kama mchana. Ndege ilipaa kama saa kumi na mbili, ikatufikisha Oslo salama, na nyingine ikatupeleka katika kiwanja kikubwa cha nchi ya tatu ambako nilikuwa nipande ya kwenda nyumbani. Hapo ndipo safari ilipoharibika.

Siku ile, kama wasomaji wengi watakavyokumbuka, kasoro iliingia katika programu moja ya kulinda kompyuta, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikazimika au kukataa kuwaka. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa. Mimi sikuyajua hayo. Niliona tu kwamba vioo vyote vilivyopaswa kutuonyesha safari vimegeuka rangi ya samawati, na kwamba umati wa watu umesimama chini yake ukivitazama kana kwamba vitaona haya na kusema. Foleni zilijipinda kama matumbo. Hakuna aliyejua foleni ipi ni ya wapi. Watu walijiunga na ile iliyo ndefu wakiamini kuwa wengi hawawezi kukosea. Wafanyakazi, wengi wao vijana, walikimbia huku na huko na karatasi na kalamu, wakiandika kwa mkono mambo ambayo pengine hawakuwahi kuyaandika kwa mkono maishani mwao. Kila aliyeulizwa alijibu kwa adabu kwamba hajui.

Magharibi, kwa maana ya machweo hasa, sikuiona siku hiyo pia, kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa na taa nyingi na dirisha dogo. Tulilala sakafuni. Karibu yangu alikuwapo mama mmoja wa Kikongo kutoka Bukavu na watoto wake watatu, naye aliponisikia nikiongea na simu aliniamkia kwa Kiswahili cha kwao, akanikaribisha kwenye kipande cha blanketi. Alikuwa na mkate lakini hana kitoweo. Nikafungua fungu langu la ng'onda wa Norwei. Tulimtwanga samaki yule kwa kisigino cha kiatu hadi akalainika, tukala sote, na watoto wakaomba tena. Watu waliokuwa karibu walitutazama kwanza kwa mshangao. Baadaye mzee mmoja ambaye hatukujua lugha yake alinyoosha mkono, naye tukampa.

Jumamosi mchana nilifika mbele ya meza. Binti aliyenihudumia alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinipatia nafasi katika ndege ya jioni kupitia Mashariki ya Kati, akaniandikia kwa kalamu katika kipande cha karatasi kwamba nitawasili Dar es Salaam Jumapili, 07:00. Nilimshukuru kama aliyenipa uhai. Simu yangu ilikuwa imebakiwa na nguvu ya dakika chache. Nikamwandikia mpwa wangu aliyesimamia shughuli ya harusi: "Nitafika Dar Jumapili saa 7. Msianze bila mimi." Ujumbe ukaenda, na simu ikazimika.

Mkobani, saa ya rafiki yangu ilikuwa ikitembea. Haikutegemea umeme wala mtandao. Laiti ningeitoa na kuitazama mara moja tu kabla ya kuandika!

Ndege ya pili ilinifikisha Dar es Salaam kama ilivyoandikwa, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza. Sanduku langu halikufika. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya harusi na, jambo baya zaidi, laini yangu ya simu ya nyumbani, ambayo niliitoa kule Norwei na kuifunga ndani ya soksi ili isipotee. Nilipomaliza kuandikisha upotevu ilikuwa saa tatu. Nikaenda Mbezi, nikapata basi la Tanga la saa nne. Abiria mwenzangu aliniazima simu kwa moyo mweupe, lakini nilipotaka kupiga niligundua kwamba sikumbuki namba ya mtu yeyote. Zamani nilizijua kwa moyo namba za nusu ya wilaya. Nikamrudishia simu yake, nikanyamaza.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni safari ya kilomita kama 350, na siku hiyo niliuhesabu kila mti. Nilishuka Muheza, nikakodi gari dogo la kunipeleka Pangani. Tairi likapasuka katikati ya mashamba ya mkonge, na la akiba halikuwa na upepo. Tulipokuwa tukingoja msaada nilitazama kivuli changu kikirefuka barabarani. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima jua lilikuwa likinihimiza. Kule nilikotoka lisingeweza. Lilikuwa na muda wote. Hapa nililiona likishuka kwa miguu yake ya siku zote, bila haraka wala huruma, nikajua bila kuuliza mtu kwamba ni saa kumi na nusu, kisha saa kumi na moja.

Niliingia Pangani mjini ikikaribia saa kumi na mbili na nusu. Kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili. Nikateremka katika mtumbwi wa mvuvi aliyekuwa akielekea Bweni na nyavu zake. Tulipofika katikati ya mto, jua lilikuwa limegusa minazi ya upande wa juu, na maji yote yamekuwa mekundu. Nilijikuta nimegeuka nyuma kulitazama, nimesahau haraka yangu. Likazama. Mvuvi hakugeuza hata shingo. Kwake yeye halikutokea jambo lolote. Tulipogusa mchanga wa Bweni adhana ya Magharibi ilikuwa ikisomwa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama ufukoni na baadhi ya wazee. Alinipokea mkoba, akanipa habari kwa ufupi tukielekea msikitini. Mpwa wangu aliposoma "saa 7" alielewa saa saba ya mchana, kama ambavyo kila mtu mwenye akili zake angeelewa. Mtu aliyetua Dar es Salaam saa saba mchana hawezi kufika Bweni siku hiyo. Kwa hiyo wazee walikata shauri nikaliwe badala, na baada ya Alasiri wakamtuma sheikh kuomba idhini ya bibi harusi.

"Akakataa," alisema mdogo wangu.

"Alikataa nini?"

"Alikataa kujibu. Alisema wewe umekosea saa. Wazee wakamkemea, wakasema Mwalimu hakosei saa, amefundisha watu saa. Yeye akasema: 'Baba Mdogo amekaa mwezi mzima asione jua likituwa. Saa saba aliyoandika ni saa moja yetu. Yuko njiani. Ningojeeni mpaka jua lizame.' Basi wakangoja, ingawa wengine kwa kununa."

Nilisimama. Binti huyo nilipata kumfundisha kidato cha kwanza na cha pili, na wino mwekundu ulikuwa ukimwagika katika madaftari yake kama katika ya wenzake. Sasa alikuwa amenisahihisha mbele ya wazee wa kijiji, naye hakukosea. Sikumbuki sifa yoyote niliyopata kupewa katika ualimu iliyonifurahisha kama aibu ile.

Tuliswali Magharibi. Baada ya sala nilivaa kanzu ya kuazima, fupi, inayoniishia juu ya vifundo, nikaketi nikampa bwana harusi mkono. Hati iliandikwa tarehe 21 Julai 2024, siku ya Jumapili. Lakini mzee mmoja aliyenuna tangu Alasiri alinong'ona kwamba kwa hesabu ya mababu siku huanza jua likituwa, hivyo ndoa ile ilifungwa usiku wa Jumatatu, na mimi nimechelewa siku nzima. Nikamwambia kuwa ni kweli, nimechelewa, na kwamba nimefurahi kuchelewa kwa hesabu hiyo kuliko kuwahi kwa nyingine.

Sina nia ya kudharau saa za watu wengine. Wenyeji wangu wa kaskazini wanaishi kwa saa zinazofaa nchi yao, na mahali ambapo jua halina ahadi ni lazima mtu aishike ahadi ya mashine. Kijana wetu anayesafiri, anayefanya kazi na wageni, au anayenunua tiketi, hana budi kuzijua hesabu zote mbili na kuvuka kutoka moja hadi nyingine bila kujikwaa. Ninalotaka kumwambia ni kwamba asizidhani kuwa ni majina mawili ya kitu kimoja. Anayesema "saa moja" amekwisha kueleza yuko wapi duniani, na kwamba jua la hapo limechomoza muda mfupi uliopita. Mimi niliacha kusema hivyo kwa siku ishirini na nane tu, na nusura niikose ndoa niliyomwahidi marehemu.

Saa ile ya mezani iko nyumbani kwa maharusi. Binti huitia ufunguo kila jioni, baada ya kutazama nje.